Maneno Mawili Chini ya Picha

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili mtu asije akamsingizia Ning, ambaye alishika kamera tu, wala asije akasema mzee wa watu alitamka vibaya. Kaka Tin alitamka vizuri kabisa. Ni mimi, Jo-ping, mwenye miaka hamsini na moja na kiburi cha kutosha watu watatu, niliyesikia nilichotaka kusikia, nikakiandika chini ya picha, nikakionyesha mbele ya watu tisini.

Kaka Tin alikuwa mwanamke. Jina lake kamili ni Koo Siok-tin, fundi wa suruali wa mtaa wa Iam-tiann hapa Kaohsiung, bandari ya kusini mwa Taiwan, na hakuna mtu aliyemwita Bibi Tin akapata suruali yake siku aliyoahidiwa. Wenzake wa ujanani walimwita Kaka, nasi tuliokuja nyuma tukafuata. Siku zao hawakuwa na majina mengi kama tuliyo nayo sisi. Waliitwa wavaa suruali, basi, na kila mtu alielewa anayesemwa ni mwanamke wa namna gani.

Alianza kushona akiwa na miaka kumi na mitano, katika duka la suti za mabaharia na makarani. Enzi hizo suruali ya mwanamke ilikuwa na zipu ubavuni. Zipu ya mbele ilikuwa ya mwanamume, na mwanamke aliyeitaka hakuwa na mahali pa kwenda kuiomba bila kuzomewa. Basi mwenye duka akienda kula chakula cha mchana, Tin alikuwa anawaingiza wenzake kwa mlango wa uani, anawapima haraka haraka chumba cha nyuma. Walikuja kwa treni kutoka Tainan, kutoka Pingtung, vitambaa vimefungwa kwenye magazeti.

"Wa kwanza niliyemshonea alikaa mbele ya kioo mpaka chai yangu ikapoa," alitusimulia. "Akaniuliza, 'Sasa mikono niiweke wapi?' Nikamwambia, 'Mfukoni, mjinga wewe! Nimekushonea mifuko ya nini?'"

Askari walimkamata mara mbili miaka ile ya amri za kijeshi. Kwenye karatasi waliandika kosa lake: mavazi ya ajabu. Hilo lilimkera kuliko kulala sakafuni. "Ajabu gani?" alikuwa anauliza miaka sitini baadaye, bado amekasirika. "Ile suruali ilinyooka kuliko wao!"

Giok-ian alikuja dukani mwaka 1968. Alikuwa msichana wa kiwanda cha redio, kazi yake kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele, na alitaka kiuno cha sare yake kipunguzwe. Baada ya wiki akarudi, kipunguzwe tena. Wiki ya tatu Kaka Tin akamwambia, "Dada, nikipunguza tena hutapumua." Giok-ian akajibu, "Basi kiongeze." Kaka Tin aliposimulia hapo alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na sisi tunazima kamera tumsubiri.

Walikaa pamoja miaka arobaini na minne, juu ya duka dogo ambalo Kaka Tin alilifungua mwenyewe. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Nani angeuliza? Nusu ya mtaa walilala wanne kitanda kimoja. Macho ya Giok-ian yaliharibika mapema kwa sababu ya zile nyaya, kwa hiyo asubuhi Giok-ian alikaanga mayai na figili ya chumvi, na Kaka Tin akamsomea gazeti lote, pamoja na matangazo ya dawa za minyoo. Hayo ndiyo maisha yao. Sina kubwa zaidi la kuwasimulia, na nikiwa nalo lingekuwa la uongo.

Mwaka 2012 Giok-ian alikufa kwa ugonjwa wa ini. Kaka Tin alimshonea nguo ya mwisho, blauzi na sketi, kila tundu la kifungo kwa mkono. Siku ya mazishi ndugu wakasimama mbele na nguo zao za katani za wafiwa, majina yao yameandikwa kwenye tangazo la msiba kwa mpangilio, kaka, wifi, mpwa, mume wa mpwa. Yeye jina lake halikuwemo. Alisimama na majirani safu ya tatu, nyuma ya muuza samaki, na muuza samaki alikuwa mrefu. Hakuona kitu.

Sasa, kwetu binti ambaye hajaolewa hana nafasi kwenye madhabahu ya wafu wa nyumbani kwa baba yake. Ndivyo ilivyo, msinikasirikie mimi. Kaka yake Giok-ian alilazimika kumtafutia mahali kwenye mnara wa kuhifadhia majivu ya wafu, wa hekalu moja huko mlimani, na vijumba vya mtu mmoja vilikuwa vimekwisha, vimebaki vya watu wawili, vile wanavyochukua mume na mke. Akamchukulia kimoja. Giok-ian akawekwa upande wa kulia, na kushoto pakabaki wazi.

Hapo kushoto ndipo Kaka Tin alipopataka. Hakutaka kitu kingine chochote duniani. Ile sheria ya kuturuhusu kuoana ilipita mwaka 2019, Giok-ian akiwa amekufa miaka saba, na hakuna ofisi inayoandikisha ndoa na jivu. Aliyekuwa na haki ya kusema nani aingie ni mwenye kijumba, na kaka mtu alipokufa haki hiyo ilikwenda kwa binti yake, Bi-luan, muuza dawa wa Tainan. Na mnara ulikuwa na kanuni yake: nafasi ya pili ikikaa miaka kumi bila kuandikiwa mwenyewe, inarudishwa. Miaka kumi ilikuwa inaisha Desemba ya mwaka 2022.

Mimi na Ning tulifika dukani kwake mwezi wa tatu mwaka huo. Ning ni mtoto wa Taipei, ana miaka ishirini na minane, na alitaka kutengeneza filamu juu ya wavaa suruali kabla hawajakwisha wote. Mimi nilikuwa mhariri wake wa picha na mwandishi wa tafsiri zinazotokea chini ya picha, kama nilivyo kwa nusu ya hawa watoto wanaotengeneza filamu zetu kwa kamera za kuazima. Kaka Tin alitupima kwa macho kuanzia chini.

"Huyu suruali yake inamvuta nyuma," alisema akimwonyesha Ning. "Na wewe?"

"Mimi Jo-ping, Kaka. Kwetu ni Tsoying."

"Aa, mtoto wa askari!" Tsoying ni mtaa wa wanajeshi, na baba yangu kweli alikuwa askari aliyekuja na meli kutoka China bara, na nyumbani tulisema Kimandarini. Kitaiwani nilijifunza sokoni, nikakijua, au nikajigamba kwamba nakijua. "Unakisema kama mtu mwenye tambi mdomoni," Kaka Tin aliniambia siku hiyohiyo ya kwanza. Nilicheka. Ningejua, ningemwomba anifundishe upya.

Alikubali kupigwa picha, uso na yote. "Nina miaka themanini na mitatu, nimfiche nani?" Lakini alitoa sharti moja: filamu ikionyeshwa, Bi-luan aalikwe.

"Kwa nini usimpigie simu umwambie mwenyewe, Kaka?" Ning akauliza.

"Mwanangu, nimejaribu. Mara tatu nimekwenda mpaka Tainan. Nikimwona yule mtoto mdomo unafunga. Ana macho ya shangazi yake." Alikuwa anakunja utepe wake wa kupimia kidoleni, anaukunjua, anaukunja. "Hicho kitambaa chenu cheupe cha sinema ndicho kimwambie, mimi niwe nimekaa gizani. Nataka ajue kabla ya kunigongea muhuri. Sitaki kuingia mle kijumbani kama rafiki. Rafiki nilikuwa siku ya mazishi, inatosha."

Basi tulijua. Hatukuwa tumefichwa kitu. Ndiyo maana nasema kosa ni langu.

Siku tuliyomuuliza lile swali alikuwa kwenye cherehani, anapiga pindo. Ning akauliza, "Giok-ian alikuwa nani kwako?" Kaka Tin hakusimamisha mguu. Cherehani likaendelea kunguruma, na yeye, macho kwenye sindano, akasema, "Giok-ian, gun khan-chhiu, miaka arobaini na minne." Kisha akakata uzi kwa meno.

Nisikilizeni hapa. "Gun" ni "sisi". Pia ni "wetu", na mtu wa Kitaiwani akitaja wa nyumbani kwake hasemi wangu, husema wetu. "Khan-chhiu" ni kushika mkono. Lakini mzee akimtaja mtu kwa neno hilo, anamtaja mke wake. Mke hasa, wa kula naye na kuzeeka naye. Kwa hiyo maneno yaleyale mawili ni "mke wangu", na ni "tulishikana mikono". Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi wa Kitaiwani angesikia mke. Mimi bibi yangu alibaki bara, sikuwahi kumwona.

Niliandika kwa Kimandarini: Giok-ian na mimi, tulishikana mikono miaka arobaini na minne.

Na nikalia! Nikamwita Ning, njoo uone, tazama mzee alivyosema, na Ning akalia pia. Tukakaa pale mbele ya kompyuta tunapeana karatasi za kufutia pua, wajinga wawili, tukisema hakuna mwandishi angeweza kutunga kitu kizuri namna hii.

Tulimwomba Kaka Tin aje aitazame kabla. Akakataa. "Nitaiona siku ya watu. Suti siwezi kuivaa mara mbili."

Ilionyeshwa Jumamosi moja ya Oktoba, saa nane mchana, katika ghala la zamani la sukari pale bandarini ambalo sasa ni ukumbi. Kaka Tin alikuja na suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, viatu vinang'aa, nywele kazipaka mafuta. Walikuja wenzake wanne waliobaki, mmoja kwa kiti cha magurudumu, wote wana zipu za mbele. Nilikaa kulia kwake. Bi-luan alikaa safu ya mbele yetu, mkoba kaupakata kwa mikono miwili, mama wa miaka hamsini na mitano aliyekuja kwa adabu na anayetaka kuondoka mapema.

Filamu ilikwenda vizuri. Watu walicheka kwenye kisa cha mifuko, walicheka kwenye kiuno cha sare. Kisha cherehani likanguruma, na Kaka Tin wa kwenye kitambaa akasema maneno yake, na maandishi yangu yakatokea chini, meupe, makubwa, na macho yakishasoma masikio hayasikilizi tena. Ukumbi mzima ukafanya "aaah", ile sauti watu wanayoitoa wakiona kitoto cha mbwa.

Kaka Tin akageuza kichwa, akanitazama. Mimi nikadhani ameguswa. Jamani, nikamshika mkono! Nikaubana, nikamwitikia kwa kichwa. Akauchomoa mkono wake, akauweka gotini.

Taa zilipowashwa watu walimzunguka wakitaka kupiga naye picha. Alisimama tu wima wanavyotaka. Nilianza kuhisi kuna jambo. Ndipo Bi-luan akapenya katikati ya watu, macho mekundu, akamshika Kaka Tin kiwiko akamvuta mpaka kwenye meza ya chai pembeni. Mimi nikafuata.

"Fundi," alisema. Siku zote alimwita hivyo, Fundi. "Nisamehe. Nisamehe sana. Miaka yote hii nimekaa na maneno ya mama yangu. Alikuwa anasema mambo juu yenu, machafu, siwezi hata kuyarudia. Leo nimeona kwa macho yangu. Mlishikana mikono tu, mkatunzana, kama ndugu wa tumbo moja. Shangazi alikuwa na rafiki ambaye mimi sijawahi kumpata."

Akafungua mkoba akatoa karatasi ya mnara. Alikuwa ameijaza kabla, nadhani alitembea nayo akisubiri kuona moyo wake utasemaje. Muhuri wake ulikuwa umeshagongwa chini, mwekundu, wino umekauka. Jina la atakayeingia: Koo Siok-tin. Uhusiano na marehemu: rafiki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kushikana mikono tu. Damu ilinipanda usoni mpaka masikio yakawaka. "Bi-luan," nikasema, "lile neno, kule ndani..."

"Nyamaza, mtoto wa askari," Kaka Tin akasema.

Aliishika karatasi mbali na macho, kama wazee wanavyosoma. Kila alichokitaka kilikuwa mkononi mwake. Ilibaki sahihi yake tu. Na mimi, nasema ukweli wangu, nilimwombea asaini. Saini, mzee. Saini ulale karibu naye, na kosa langu lizikwe humohumo. Nilitamani hivyo kwa moyo wangu wote, na naona aibu mpaka leo.

Akaomba kalamu. Akaiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja kama kitambaa, akachora mstari mmoja ulionyooka juu ya neno rafiki. Pembeni yake akaandika neno jingine. Aliandika polepole, maandishi makubwa ya mtu aliyeacha shule mapema. Kisha akamsogezea Bi-luan.

"Palipofutwa panataka muhuri wako juu yake," akasema. "La sivyo hawapokei."

Ndivyo ilivyo kweli. Kwetu karatasi yoyote ikifutwa neno, mwenye muhuri agonge palepale palipofutwa, kuonyesha amekubali. Bila hivyo ni karatasi chafu.

Bi-luan akasoma: khan-chhiu. Kwenye filamu lile neno lilikuwa na njia mbili. Pale kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu lilikuwa na moja tu. Hakuna anayejaza pale kwamba walishikana mikono.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ndicho nilichosema kule ndani. Wameandika vibaya."

"Niliyeandika vibaya ni mimi," nikasema. Hakuna aliyenitazama.

"Ungeacha!" Sauti ya Bi-luan ilipanda, watu wakageuka. "Ilikuwa imeshagongwa! Imekwisha! Nani angekuuliza?"

"Ningejiuliza mwenyewe. Siku za mle kijumbani ni nyingi."

"Baba yangu yumo kwenye mnara huohuo, safu ya juu ya shangazi. Nikigonga hapa nitamwambia nini nikienda kumfukizia ubani?"

"Mwambie ni yuleyule aliyemshonea suruali siku anakuoza wewe. Hakulalamika."

Bi-luan hakucheka. Akaiacha karatasi pale mezani kati ya vikombe, akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Kaka Tin aliikunja karatasi mara mbili akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Nje ya ghala nilimwomba radhi. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa ncha ya mwavuli wake. Nilijua atanitukana, nikajiandaa.

"Na mkono ukanishika!" alifoka. "Mle gizani! Nikajiuliza, huyu ananidhihaki? Miaka themanini na mitatu nimekaa nalo neno moja, nakupa wewe unibebee, wewe unakwenda kulipamba!" Kisha akatazama maji. Aliposema tena sauti ilikuwa ndogo. "Ungeniuliza, Jo-ping. Neno moja tu. Si ningekwambia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. Afadhali matusi.

Wiki ile nilirekebisha. Nilifuta mikono yangu yote mizuri nikaandika: mke wangu. Nilimpelekea aone. Hakutaka hata niwashe kompyuta. Karatasi ya mnara aliitundika ukutani kwa pini, chini ya mikasi, na akaendelea kushona. Kila Alhamisi nilipita na uji wa samaki, kila Alhamisi nikakuta uji wa Alhamisi iliyopita umeliwa nusu. Suti ya kijivu ilianza kumpwaya mabegani. Mimi hesabu yangu ilikuwa ya siku tu: zimebaki arobaini, zimebaki thelathini. Nilimpigia simu Bi-luan mara nane. Hakupokea. Nikamwandikia barua ndefu ya kueleza Kitaiwani changu kibovu. Hakujibu.

"Acha kumsumbua mtoto wa watu," Kaka Tin akaniambia. "Mimi nimeshasema. Kusema ndiko kulikuwa kwangu."

Lakini nilimwona anavyoitazama ile karatasi kila anaponyanyua mkasi.

Desemba tarehe kumi na tano, Alhamisi asubuhi, nikiwa namimina uji, Bi-luan akasimama mlangoni. Hakubisha hodi, hakusalimu. Alikuwa na koti la mvua na mkoba uleule. Kaka Tin akasimamisha cherehani.

Bi-luan alitazama ngazi za kupandia juu. "Kitanda kile bado kipo?"

"Kipo."

"Likizo mlikuwa mnanitandikia mkeka chini. Nilikuwa na miaka tisa."

"Ulikuwa unakoroma," Kaka Tin akasema. "Mtoto mdogo, makoromo ya mzee."

Bi-luan akaingia hatua mbili. Maji ya mvua yalimdondoka sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. "Nataka kukuuliza kitu kimoja. Wiki hizi zote najaribu kukumbuka sauti yake. Nakumbuka alivyoniita mimi. Nakumbuka alivyomwita muuza tofu. Wewe sikumbuki alivyokuita. Shangazi alikuwa anakuitaje?"

Kaka Tin alifikiri. Alifikiri kweli, kichwa kainamisha, kama hakuwahi kuulizwa na hakuwahi kujiuliza.

"Hakuniita," akasema mwishowe. "Alikuwa anasema 'we'. We, njoo ule. We, funga dirisha, mvua hiyo. Siku ya mwisho hospitali alisema, we, umekula? Basi. Jina langu sijui kama aliwahi kulitamka tangu aje kupunguziwa sare."

Bi-luan akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkoba akauweka mapajani. Uji ulipoa mkononi mwangu na sikuthubutu kuuweka chini.

"Mama yangu hakuwahi kumwita baba kwa jina," akasema. "Hata siku moja. Ni 'we' tu. Mpaka anamfumba macho alisema, we, nenda salama."



Bi-luan akainuka, akang'oa karatasi ukutani mwenyewe, akaitandika juu ya meza ya kukatia. Akafungua mkoba, akatoa kijaluba cha muhuri, akauchovya kwenye wino mwekundu, akaupulizia pumzi. Akaukandamiza juu ya neno lililofutwa, kwa nguvu, uzito wote, akahesabu kimoyomoyo, akanyanyua.

Kaka Tin akainama kuangalia. "Umekwenda upande," akasema.

"Nirudie?"

"Acha. Ukirudia watasema ni wa kughushi." Akataka kuongeza neno, nadhani ni mzaha, nilimwona anautafuta. Haukuja. Akafunika uso kwa viganja vyake viwili vyenye chaki, mtu aliyesimama macho makavu nyuma ya muuza samaki siku ya mazishi, akalia kwa sauti, na Bi-luan akaenda kufunga mlango wa duka ili wateja wasimwone.